Ustawi wa Wanyonge: Ni Nani Anayewajibika?



Wapendwa waamini, viongozi wa Jumuiya Ndogondogo na wa vyama vya kitume,

Katika kijitabu hiki tumezoea kuzungumzia rushwa, ardhi, uchaguzi na mauaji ya vikongwe. Safari hii tunazungumzia ofisi. Tunataka kutazama jinsi serikali yetu ilivyojipanga kumsaidia mtu asiyejiweza: yuko chini ya nani, anapeleka shida yake wapi, na anayemkatalia anamjibu nani. Tunajua watakaosema kwamba mambo ya idara na divisheni si ya padre, na kwamba padre arudi altareni. Tunawaomba watu hao wasome tena sura ya 6 ya Matendo ya Mitume.

Humo tunaambiwa kwamba katika Kanisa la Yerusalemu wajane wa waamini wenye kusema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Yalikuwa manung'uniko ya chakula. Mitume hawakuwaambia wajane wale wavumilie kwa sababu taabu za dunia ni za kupita, wala hawakutoa mahubiri marefu juu ya upendo. Waliitisha mkutano wa waamini wote, wakapanga upya huduma, wakaweka watu saba wenye sifa njema, waliochaguliwa na jamii yenyewe. Tena majina yote saba yaliyoandikwa pale ni ya Kigiriki. Yaani waliolalamika walipewa watu wa kwao, wanaojua lugha yao na milango ya nyumba zao. Kuanzia siku ile, mjane aliyekosa chakula alijua amwendee nani. Huo ndio mwanzo wa utumishi wa mashemasi katika Kanisa, na ulianza kwa kurekebisha mpangilio wa kazi.

Sasa tuitazame Tanzania Bara. Tuchukue mfano wa bibi mwenye miaka 72, mjane, anayelea wajukuu watatu walioachwa na wazazi, na mmoja wao hawezi kutembea. Mfano huu tumeutunga, lakini hakuna mwenyekiti wa jumuiya atakayeshindwa kuutaja kwa jina katika mtaa wake. Bibi huyu aende wapi?

Kama anataka ruzuku ya kaya maskini, mlango wake ni TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulioanzishwa mwaka 2000 na kulelewa katika Ofisi ya Rais. Kama shida ni malezi ya watoto, au dawa ambazo hospitali inamdai, amwone Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye mara nyingi yuko makao makuu ya wilaya. Kwa mjukuu mwenye ulemavu ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, lakini mambo ya watu hao kitaifa yamekaa kwa miaka mingi katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto ni kazi ya RITA, iliyo chini ya wizara ya sheria. Kitambulisho cha bibi mwenyewe ni cha NIDA, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, minne kwa wanawake, minne kwa vijana na miwili kwa watu wenye ulemavu, iko kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, naye si Afisa Ustawi wa Jamii, ingawa majina yanafanana na wananchi wengi hawawatofautishi. Na kabla ya milango yote hiyo ipo barua ya Mtendaji wa Kijiji, na kabla ya Mtendaji yupo Mwenyekiti wa Kitongoji.

Katika milango yote hiyo hakuna hata mmoja ambao mtu akiufikia, shida yake nzima inapokewa. Kila ofisi inapokea kipande chake, na kazi ya kuunganisha vipande inaachwa kwa yule asiye na nauli.

Mtu wa kuunganisha angepaswa kuwa Afisa Ustawi wa Jamii. Ndiyo taaluma yake, na nchi hii ina chuo kizima pale Kijitonyama, Dar es Salaam, kinachofundisha kazi hiyo tangu miaka ya 1970. Lakini hebu tutazame serikali ilivyomweka mtu huyu. Idara yake imehamishwa kutoka wizara hadi wizara kama mtoto wa kambo. Ilitolewa katika mambo ya kazi na vijana, ikaunganishwa na Wizara ya Afya mwaka 2006. Mwaka 2015 wizara hiyo ikaongezewa maendeleo ya jamii, jinsia, wazee na watoto. Mwezi Januari 2022 ustawi ukatengwa na afya, ukapelekwa katika wizara mpya ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Huko juu, basi, ustawi si afya tena. Huku chini katika halmashauri, muundo uliotangazwa mwaka huohuo wa 2022 umemweka Afisa Ustawi katika Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe, chini ya Mganga Mkuu. Sera yake inatoka wizara moja, mkuu wake wa kila siku ni mtu wa fani ya wizara nyingine, na bajeti yake inapita kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, anayewajibika TAMISEMI. Mabwana watatu! Bwana wetu Yesu Kristo alisema kwamba hata wawili ni wengi mno.

Matokeo yake yanajulikana. Mganga Mkuu ana zahanati, chanjo, kipindupindu, na akina mama wanaojifungua usiku. Fedha zikiwa chache atanunua dawa, na hatumlaumu. Safari ya Afisa Ustawi kwenda kumtazama yatima katika kijiji cha mbali itasubiri robo ya mwaka inayofuata. Wakati huo afisa huyohuyo anadaiwa na mahakama taarifa za uchunguzi wa jamii katika mashauri ya watoto, anasuluhisha baba na mama wanaogombania matunzo, anashughulikia watoto wa mitaani, anakagua makao ya watoto, na anaamua ni mgonjwa gani asamehewe gharama hospitalini. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, imeipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto aliye katika eneo lake. Ni sheria nzuri. Lakini sheria iliyomtwika mtu mmoja kazi ya watu kumi imemtengenezea udhuru wa kushindwa.

Tunasema haya kwa heshima ya maafisa wenyewe. Tunawafahamu wengi wanaotoa fedha za mfukoni kumnunulia mtoto sabuni na daftari. Wema wa mtumishi ni neema. Hata hivyo huduma ya umma isiyokwenda mbele mpaka mtumishi atoe mfuko wake haijapangwa, imeachwa.

Tuje sasa kwa TASAF, maana hapo ndipo manung'uniko ya vijiji yanapovuma. Awamu ya kwanza, kuanzia mwaka 2000, ilijenga madarasa, zahanati na visima, na wengi wanaikumbuka kwa shukrani. Awamu ya tatu, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilibadili njia: fedha zikaanza kupelekwa mikononi mwa kaya zenyewe, kwa sehemu kubwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Benki hiyo iliidhinisha Dola za Marekani milioni 220 mwaka 2012, na milioni 450 mwaka 2019 kwa kipindi cha pili. Kaya zipatazo milioni moja na laki moja ziliandikishwa katika kipindi cha kwanza. Hayo si mambo madogo. Watoto walirudi shuleni kwa sababu ya fedha hizo, na mama aliyekuwa akila mlo mmoja alipata wa pili. Atakayesema kwamba TASAF haijasaidia mtu anasema uongo, nasi hatutamsaidia kuusema.

Lakini uchaguzi wa kaya umepangwaje? Kwanza mkutano wa kijiji unaitwa, na wananchi wanataja kaya zilizo maskini kuliko zote. Kisha watu wenye madodoso wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza juu ya paa, sakafu, idadi ya watu, mifugo na vyombo vya ndani. Majibu yanapelekwa makao makuu, kompyuta inayapima kwa kikokotoo, na orodha inarudi kijijini. Hapo ndipo jina lililotajwa na kijiji kizima linapokosekana, na jina ambalo watu walilisita linapoonekana. Bibi akiuliza anajibiwa: kompyuta imekataa. Akienda kata anajibiwa vilevile. Kikokotoo kimetengenezwa na wataalamu ambao hatawaona maishani mwake, kwa vipimo ambavyo hakusomewa. Bati aliloezekewa na mwanawe kabla hajafa linaweza kuhesabiwa kama utajiri.

Kompyuta haina dhambi, kwa hiyo haina wa kuungama. Mtu aliyefanya uamuzi ametoweka nyuma ya mashine, na mtu aliyebaki mbele ya bibi, yaani Mtendaji au mjumbe wa kamati, hana mamlaka ya kubadili kitu. Mwaka 2016 ulifanyika uhakiki na maelfu ya kaya zikaondolewa katika mpango kwa kuwa hazikustahili. Ilikuwa haki kuondoa majina hewa. Lakini je, bibi aliyeondolewa kwa makosa alipewa karatasi yenye sababu na siku ya kukata rufaa? Tunajua kwamba taratibu za malalamiko zimeandikwa katika miongozo. Tunauliza kama zimeandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji.

Papa Pio XI, katika waraka wake wa mwaka 1931 juu ya utengenezaji wa jamii, alifundisha kanuni ambayo wanafunzi wa seminari huikariri: jambo linaloweza kutendwa vema na jamii ndogo lisinyang'anywe na jamii kubwa, na jamii kubwa iisaidie ile ndogo pale inaposhindwa. Tunaiita kanuni ya auni. Sasa wataalamu wa mipango wameipenda kanuni hii, wanaiita ushirikishwaji, nao wameigeuza kichwa chini miguu juu. Kijiji kimepewa jasho la kuchagua, lakini neno la mwisho liko kwingine. Wajumbe wa kamati ya usimamizi ni watu wa kujitolea. Wanatukanwa njiani na majirani zao kwa maamuzi ambayo hawakuyafanya. Na kamati hizo jamani! Kuna kamati ya TASAF, kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, kamati ya watu wenye ulemavu, baraza la wazee, kamati ya zahanati, kamati ya shule. Kuna vijiji ambamo wajumbe ni walewale saba, wanabadilisha kofia tu, na mihuri.

Wako wanaotujibu kwa kumtaja Baba Mtakatifu Yohane Paulo II. Wanasema kwamba mwaka 1991, katika *Centesimus Annus*, yeye mwenyewe aliilaumu serikali inayojitwika kila msaada, kwamba inaua bidii ya watu na kuzaa urasimu. Ni kweli alionya hivyo. Lakini aliandika akizitazama nchi zilizokuwa na ofisi nyingi mno za misaada na mafao makubwa. Kuuchukua wosia ule na kumsomea mjane wa Tanzania ni kama kumhubiria mwenye njaa juu ya ulafi. Zaidi ya hayo, kasoro aliyoitaja Papa, yaani ofisi zinazotawaliwa na taratibu zao kuliko na shida ya mtu anayehudumiwa, ndiyo hasa tunayoilalamikia hapa.

Wengine wanasema misaada inafuga wavivu. Katika awamu ya tatu ruzuku ya msingi ya kaya ilianza kwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na malipo mengine yalitegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki. Waliofanya kazi za muda, kuchimba mitaro na kutengeneza barabara, walilipwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku 60 katika mwaka. Tunaomba mtu mmoja atuoneshe mvivu aliyenenepa kwa fedha hizo.

Na wapo wanaosema, kwa upole zaidi, kwamba nchi ni maskini. Hoja hiyo tunaiheshimu. Hatudai kesho asubuhi kila mzee apate pensheni ya waziri. Lakini mengi tunayoyalalamikia hayahitaji fedha. Kumwandikia mtu sababu ya kukataliwa kunahitaji karatasi na kalamu. Kumweka Afisa Ustawi chini ya bwana mmoja kunahitaji sahihi ya mkubwa.

Tazameni jirani zetu wa karibu kabisa, ndugu zetu wa Zanzibar. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70: shilingi 20,000 kwa mwezi mwanzoni, baadaye zikaongezwa. Hapaulizwi una bati au makuti, hapana kamati ya kukuchagua wala kikokotoo cha kukukataa. Sharti kubwa ni umri na ukaazi. Kenya nayo mwaka 2018 ilifungua malipo ya shilingi zao 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi. Huko nako malipo yanachelewa na wazee wananung'unika, hatuwapambi. Lakini mzee wa miaka 70 aliyenyimwa anaweza kusimama na kusema: nina miaka sabini, leteni haki yangu. Bibi wetu wa Bara ana miaka 72 na hana sentensi ya namna hiyo.

Na hapa tunafika kwenye mzizi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kutimiza haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Maneno mazuri, ya kiutu, na Mkristo yeyote angeyatia sahihi. Lakini ibara ya 7 imekwisha kusema kwamba mambo ya sehemu hiyo ya Katiba hayawezi kudaiwa mahakamani. Haki imetolewa kwa mkono wa kulia na mkono wa kushoto umeshika ufunguo. Wakenya waliiweka haki kama hiyo katika ibara ya 43 ya Katiba yao ya mwaka 2010, ndani ya orodha ya haki zenyewe, ambapo mahakama inaweza kuigusa. Kwetu msaada umekaa juu ya miradi, na mradi una awamu, na awamu ina mwisho. Mkopo ukiisha, bibi anarudi kuwa mtu wa kuhurumiwa.

Yohane Paulo II aliandika mwaka 1987 juu ya miundo ya dhambi. Wengi hufikiri hapo juu ya majeshi na masoko makubwa ya dunia. Sisi tunafikiri pia juu ya mpangilio wa ofisi ambamo kila mtumishi anaweza kulala usingizi akijua kwamba ametimiza kipande chake, huku mtu amekufa katikati ya vipande. Hakuna aliyemuua. Kila faili liko sawa.

Kwa hiyo Tume yetu inadai mambo haya. Kila kata iwe na Afisa Ustawi wa Jamii aliyesomea kazi hiyo, na meza yake iwe ndiyo inayopokea shida zote za mtu asiyejiweza. Yeye ndiye ahangaike na TASAF, hospitali na RITA. Afisa huyo awe na fungu lake katika bajeti ya halmashauri, lisiloazimwa. Kila anayekataliwa apewe jibu kwa maandishi, lenye sababu kwa Kiswahili cha kawaida, jina la aliyeamua na muda wa kukata rufaa. Mkutano Mkuu wa Kijiji ukimtaja mtu na kikokotoo kikamkataa, mwenye kikokotoo ndiye alete ushahidi mbele ya mkutano. Na Bunge litunge sheria ya msaada wa jamii, ili bibi adai haki badala ya kuomba mradi.

Hayo ni ya serikali. Kuna yanayowahusu ninyi viongozi wa walei. Wapo miongoni mwenu wajumbe wa halmashauri za vijiji na wa kamati hizo tulizozitaja. Wapo ambao jina la shemeji limeingia kwenye orodha kupitia kwao, na Jumapili wanakusanya sadaka. Wapo pia wanaokaa kimya mkutanoni kwa sababu mwenyekiti ni mtu wa chama chao. Yakobo, katika barua yake, anauliza faida ya kumwambia mtu asiye na nguo aende kwa amani bila kumpa kitu. Na kumkalia kimya mtu huyo wakati jina lake linafutwa ni kubaya zaidi ya kumwambia aende kwa amani.

Kila Jumuiya Ndogondogo iandike, kabla ya Mkutano Mkuu wa Kijiji unaofuata, majina ya watu wa eneo lake wasiojiweza, wawe Wakatoliki, Walutheri, Waislamu au wasio na dini, na mbele ya kila jina: aliomba nini, kwa nani, mwezi gani, na alijibiwaje. Penye jibu la mdomo tu, andikeni «hakuna jibu». WAWATA na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo wasaidie pale ambapo wazee hawajui kuandika. Nakala moja ipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji, naye aigonge muhuri wa kupokea. Ya pili ipelekwe kwa Diwani. Ya tatu iletwe kwa katibu wa Haki na Amani wa parokia. Muhuri huo ni muhimu. Msiondoke ofisini bila muhuri.